Mhandisi Kijana Asiachwe Peke Yake Kazini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika baadhi ya sehemu za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, haitoshi. Uko ufa ambao fundi huuziba kwa saruji wakati wa kiangazi, na masika yakifika ukafunguka tena pale pale, kwa kuwa chanzo chake hakimo ukutani bali kimo ardhini. Mtu ambaye taifa limemsomesha ili autambue ufa wa namna hiyo kabla haujatokea ni mhandisi wa majengo. Ni wajibu basi wa viongozi na wananchi kufahamu jinsi mhandisi huyo, hasa aliye kijana, anavyofanya kazi yake, na ni jambo gani linalomzuia kuifanya kama alivyofundishwa.

Wilaya hizo mbili ni jirani na Mto Mara unapita kati yake, lakini ardhi yake si moja. Nyanda za juu za Tarime zina miamba na udongo mwekundu, na mara nyingi mchimba msingi hukuta ardhi ngumu upesi. Ukivuka mto kuelekea Mugumu yako mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonasa magurudumu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Udongo huo ukinywa maji huvimba, na ukikauka husinyaa. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa mwaka hata mwaka, na kwa kuwa pembe zake hazipandi wala kushuka kwa kipimo kimoja, kuta hupasuka. Tena si lazima kuvuka mto ili kuuona udongo huo, kwani hata katika kijiji kimoja kilimani huweza kuwa na changarawe na bondeni mfinyanzi.

Dawa yake inajulikana. Mfinyanzi huchimbwa ukatolewa, na mahali pake pakajazwa changarawe iliyoshindiliwa. Au msingi hushushwa mpaka kwenye udongo usiobadilika. Au msingi wote hufungwa kwa bimu za zege lenye nondo, na maji ya mvua yakaelekezwa mbali na kuta. Lakini kila dawa kati ya hizo ina gharama, na hapo ndipo taabu ya mhandisi kijana inapoanza.

Mwaka 2021 Serikali iliamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, na hapana mtu mwenye nia njema anayeweza kuibeza. Hata hivyo ilionyesha pia udhaifu wa kupanga kwa kipimo kimoja. Darasa la mlimani lenye mwamba karibu, na darasa la bondeni lenye mfinyanzi, yalipewa fedha sawa. Mhandisi anayekuta mfinyanzi katika hali kama hiyo hubakiwa na njia tatu: kuomba fedha ambazo hazimo katika mpango, kupunguza mahali pengine ili atosheleze msingi, au kunyamaza. Njia ya kwanza humfanya aitwe mchelewesha maendeleo. Njia ya pili ni hatari, na ya tatu ni hatari zaidi.

Liko pia suala la usimamizi. Ujenzi mwingi wa shule na zahanati sasa hufanywa na mafundi wa mahali hapo badala ya makandarasi, na kamati za wananchi ndizo zinazonunua vifaa na kupokea kazi. Utaratibu huu hupunguza gharama na huwapa wananchi sauti katika mali yao. Lakini unataka mtaalamu awepo kazini, naye mtaalamu ni mmoja na kazi ni nyingi. Barabara ya kutoka Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo peke yake ina urefu wa kilometa 87 hivi, na vijiji vingi viko mbali na barabara hiyo. Siku msingi unapomwagwa katika kijiji kimoja, kenchi zinapandishwa katika kijiji kingine. Mhandisi anapofika kwa pikipiki ya kuazima jioni, nguzo imekwisha kumwagwa, na idadi ya ringi zilizofungwa ndani yake haionekani tena.

Zege lenyewe lina mtego wake. Fundi hupenda liwe jepesi ili liteleze vizuri, kwa hiyo huongeza ndoo ya maji. Kila ndoo inayozidi kipimo hupunguza nguvu ya zege, ingawa kwa macho litaonekana zuri, pengine laini kuliko lile bora. Ndiyo sababu mhandisi hujaza zege katika visanduku vyenye sentimeta 15 kila upande, ili vipande vyake vikavunjwe kwa mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Lakini mashine hiyo haipo kijijini. Vipande vikisubiri gari la kuvipeleka maabara, kuta huendelea kupanda, na jibu hufika wakati lenta imekwisha kufungwa.

Hata jibu likifika mapema, bado inabaki kazi ngumu kuliko hesabu zote za chuoni. Kijana wa miaka 25 anapaswa kumwambia fundi mwenye umri wa baba yake kwamba nguzo aliyoijenga ivunjwe. Atamwamkia shikamoo, naye atajibiwa kwa upole: "Marahaba mwanangu. Nilianza kujenga kabla hujazaliwa, na nyumba zangu zimesimama." Kijana mwenye busara hamdharau mzee huyo. Mzee anajua shamba lipi hupasuka kiangazi na maji husimama wapi wakati wa masika, elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha chuo kikuu, na ingefaa aulizwe kabla ya jembe la kwanza. Lakini heshima haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Nguzo dhaifu haimjui mkubwa wala mdogo.

Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 haikukusudia kijana huyo awe peke yake. Inataka mhitimu afanye kazi chini ya mhandisi aliyekomaa, na tangu mwaka 2003 uko mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu kwa wahitimu. Kusudi hilo ni zuri. Lakini msimamizi akiwa mjini na mwanafunzi akiwa ng'ambo ya mto, kijana huwa mwanafunzi katika karatasi na hakimu wa mwisho katika kazi.

Matokeo ya uzembe katika ujenzi taifa limekwisha kuyaona. Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Wako watakaosema kwamba hayo ni maghorofa ya mjini, na darasa la kijijini halina uzito huo. Na wakumbuke Kagera, ng'ambo ya ziwa, ambako tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 liliua watu 17 na kuharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Ukuta wa darasa unatosha kabisa kumuua mtoto.

Yanayotakiwa si makubwa kupita uwezo wa nchi. Kwanza, pasiwepo kiwanja cha shule au zahanati kitakachopitishwa kabla ya kuchimbwa mashimo ya kupima udongo; kazi hiyo wananchi wanaweza kuifanya kwa nguvu zao katika siku moja. Pili, fedha za msingi zitengwe kwa kufuata udongo uliopatikana, wala zisilinganishwe kwa kila mahali. Tatu, mhandisi apewe usafiri, na zege la msingi, nguzo na lenta lisimwagwe kabla hajaona nondo. Nne, akiandika kwamba kazi isimame, isimame, mpaka mhandisi aliye juu yake afike mwenyewe na kutoa uamuzi.

Vijana nao wana wajibu wao. Saini ya mhandisi si pambo la faili. Anayeiweka mahali ambapo hakufika, kwa kuogopa kuitwa mchelewesha maendeleo, amewadanganya watoto watakaoketi chini ya paa lile. Lakini viongozi wanaomtaka awe jasiri hawana budi kusimama nyuma yake siku atakaposema hapana.