Bakora Haipangi Begi

Juzi, kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Lushoto, mzee mmoja alisimama akasema watoto wa siku hizi wanasahau madaftari kwa sababu hawachapwi. Makofi. Akaongeza kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Makofi yakazidi, nami nikakunja uso.

Mtoto anayesemwa mnamjua, kila darasa linaye. Unamtuma achote maji, apitie dukani alete chumvi, amwite na mdogo wake. Anarudi na ndoo tupu na kinyonga kwenye kijiti. Darasani anaanza swali la nne kabla ya la kwanza, anajibu kabla hajaulizwa, na peni kaiacha nyumbani. Majina tumeshampa: mkaidi, mvivu, kichwa maji. Kumbe kinachompa shida ni kushika maagizo kichwani, kujizuia, kuianza kazi na kuimaliza kwa mpangilio. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia hayo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Ninyi mnamdai hayo mtoto wa miaka minane.

Mtetezi wa bakora anijibu swali moja tu. Kama bakora inatibu usahaulifu, mbona anayechapwa Jumatatu ndiye yuleyule anayechapwa Ijumaa? Dawa gani hii, mgonjwa anaimeza tangu darasa la kwanza, haponi, na tabibu anaongeza dozi? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Basi kifungueni hicho kitabu, kama kipo, mhesabu majina yanayojirudia. Yangekuwa yanapungua, ningenyamaza.

“Mbona sisi tulichapwa tukawa watu?” Naam. Aliyesema hivyo alifika kikao kimeshachacha, miwani kaisahau nyumbani, muhtasari akasomewa na jirani yake.

Wapo waliosomea kazi hii. Wanaitwa watoa tiba kwa vitendo, na katika hospitali ya KCMC pale Moshi wanafundishwa. Mtaalamu huyo hapotezi muda kumhoji mtoto kwa nini amesahau. Anamtazama anavyovaa, anavyofungua begi, anakwama wapi. Kisha anaikata kazi vipande: picha nne mlangoni, za daftari, peni, sweta na chakula, mtoto anagusa moja moja kabla ya kutoka. Agizo moja kwa wakati mmoja. Akizoea, picha zinapunguzwa kidogo kidogo mpaka ajipange mwenyewe. Gharama yake karatasi na gundi! Fimbo ya mpera ni ya bure, najua, ndiyo maana tunaipenda.

Tena milima hii haina ugeni na mambo hayo. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba ya wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Na hapahapa Lushoto, Irente Rainbow School inawafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji kujihudumia. Lakini likitajwa jina la Irente, wakubwa wetu wanawaza mwamba wa kupigia picha na watalii.

Na kuna hili linalonichoma zaidi. Mtoto wa kike akishaitwa kichwa maji, safari yake tunaijua. Anapandishwa basi la Dar akafanye kazi za ndani, na huko anapigwa tena kwa kusahau sufuria jikoni, huku dalali aliyempeleka kashachukua chake. Kabichi zetu zikilaliwa bei na madalali tunapiga kelele hadi wilayani. Binti huyu hata kikao hatumwitishii, kwa sababu eti alishindwa shule mwenyewe.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika simlaumu sana. Hajafundishwa kingine, na hakuna aliyemletea msaidizi. Wa kulaumiwa ni sisi wazazi tunaomkabidhi mtoto pamoja na ruhusa ya kumchapa, kisha tunaenda zetu sokoni.

Kikao kijacho ni kabla ya kufunga shule. Nimeandika barua kuomba hoja ya kumwalika mtoa tiba kwa vitendo iwe ajenda ya kwanza, kabla wazee hawajaanza kusimuliana bakora walizokula.