Mzee, Huyu Kijana Haondoki Kwenye Kinanda

Mmezoea neno fupi la asubuhi hapa, lakini la leo ni refu kidogo. Chukua chai yako ukae.

Wiki tatu zilizopita mzee mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini na simu mkononi. Alikuwa na skrinshoti kumi na moja za kijana wetu anayepiga kinanda Jumapili, yule wa chuo kikuu, mwaka wa pili. Jina silitaji ingawa wengi mnamjua, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike. Kila jioni kijana huyu huweka mtandaoni maoni yake kuhusu wimbo mmoja, filamu moja na habari moja ya dunia. Kila jioni, hata wakati wa mitihani. Ombi la mzee lilikuwa moja: asiguse kinanda mpaka aachane na mambo ya dunia. "Mchungaji, mtu hawezi kupigia Sayuni Jumapili na Babeli Jumatatu."

Maneno matamu hayo. Ningekuwa na miaka thelathini ningeyahubiri. Nilimwomba wiki mbili, nikaenda nyumbani nikaanza kusoma alichoandika kijana, nikirudi nyuma mpaka Januari 2025. Na niseme ukweli, nilikwenda kutafuta dhambi.

Kwenye muziki nilikuta ana masikio makali kuliko nilivyodhani. Kuna wimbo fulani wa gengetone ambao matatu zote za huku kwetu zilikuwa zikiupiga. Alisifu mdundo, halafu akaandika kwamba mara ya pili aliusikiliza akiwa na dadake mdogo akaona aibu, kwa sababu wasichana wanasemwa humo kama nyama ya kupimwa buchani. Mimi nimezihubiria nyimbo hizo miaka mingi na sijawahi kulisema jambo lenyewe vizuri hivyo. Siku nyingine aliuliza kwa nini tunaimba Kuliko Jana kanisani mpaka tunatoa machozi, ilhali walioutoa ni Sauti Sol, katika albamu ya 2015 yenye nyimbo nyingine ambazo hakuna mzee atakayeziruhusu karibu na madhabahu. Swali hilo bado linanisumbua.

Lakini lililonichoma ni filamu. Aliandika kuhusu Supa Modo, filamu ya Kenya ya 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usio na tiba, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Analetwa nyumbani kijijini amalizie siku zake. Mama anataka mtoto alale apumzike, dada anataka afurahi. Mwishowe kijiji kinajikusanya kumtengenezea filamu ambamo shujaa ni yeye. Kijana alieleza hayo, kisha akauliza: sisi walokole mtoto akiwa katika hali hiyo tunamwombea sana, lakini nani humwuliza yeye anataka nini?

Mwaka juzi tulimzika mtoto wa ushirika wetu. Wazazi wake niliwapigia simu kabla ya kuandika haya. Nilikwenda kwake mara saba. Mara zote saba nilisimama kando ya kitanda, nikafumba macho, nikatangaza uponyaji kwa sauti, nikafumbua macho, nikaenda sebuleni kunywa chai na wazazi. Yesu anaponya, nimeona kwa macho yangu, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Ila sikumbuki kama niliwahi kuvuta kiti nikaongea na yule mtoto. Usiku ule mimi na mama mchungaji tuliitafuta filamu tukaitazama kwenye laptopu. Hatukuongea sana baadaye.

Halafu kuna Goma. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji huo wa mashariki mwa Kongo, kijana aliandika juu yake siku tatu mfululizo. Jumapili iliyofuata mimi nilisimama nikaombea karo za shule, biashara, na spika mpya za kanisa. Yeye baada ya ibada alimfuata mama mmoja anayekaa safu ya nyuma, ambaye sisi wengine tumezoea kusema tu kwamba ana Kiswahili cha kivyake. Akamwuliza anatoka wapi. Mama anatoka Goma, na alikuwa na ndugu wawili wasiopatikana kwa simu. Miaka miwili yuko kwetu, anatoa sadaka, anafagia kanisa zamu yake ikifika. Aliyemwuliza ni huyo wa mambo ya dunia.

Sasa simfanyi malaika. Kuandika kila siku kuna ugonjwa wake. Nilikuta jioni ambazo amehukumu filamu, naye ameona tangazo lake tu. Nilikuta jioni ambayo juu ni watu waliouawa vitani na chini yake ni mzaha kuhusu nguo za wasanii kwenye tuzo, bila hata kupumua katikati. Mithali 18:13 inamgusa huyo anayejibu kabla hajasikia. Nilimwambia haya uso kwa uso, tukila chapo madondo karibu na chuo chao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pasta, nikikosa siku moja tu, watu wanaacha kunisoma."

Hapo ndipo nilipoogopa, wapendwa. Gengetone haikunitia hofu kama jibu hilo. Mtoto wa miaka ishirini ameshaona kwamba lazima awe na neno juu ya kila kitu kabla ya saa tatu usiku, la sivyo hayupo. Na nilishindwa kumkemea kwa nguvu, kwa sababu hata mimi nikiweka neno la asubuhi hapa, kufika saa nne nimeshachungulia mara tano kuona ni wangapi wamesema Amina.

Jambo jingine. Mara moja alisambaza video aliyodhani ni ya Goma, kumbe ni ya mahali pengine. Kesho yake akaandika kwamba alikosea. Sisi wazee wa kundi la WhatsApp la kanisa, ambao tumesambaza dawa za kitunguu na onyo za uongo za benki, ni nani kati yetu amewahi kurudi kusema alikosea?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mzee nimeshamweleza. Kijana anabaki kwenye kinanda. Paulo alipofika Athene, Matendo 17, alitembea akatazama madhabahu zao, na alipohubiri alitumia maneno ya washairi wao wenyewe. Hakuyajua kwa kufunuliwa usingizini. Danieli na wenzake walisomeshwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, wakafaulu kuliko wote. Walipokataa, walikataa chakula cha mfalme. Kitabu walisoma. Na sisi Wakenya tumeona Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa mahali ambapo watu walifundishwa kumsikiliza mtu mmoja na kufunga masikio kwa kila sauti nyingine. Baada ya hapo, mchungaji anayemnyamazisha kijana kwa sababu anauliza maswali anipe sababu nzito sana.

Vijana wanaotuacha hawagombani nasi. Siku moja unaona kiti kiko wazi, mwezi unaisha, unaambiwa yuko bize na masomo.

Naye kijana tumekubaliana kitu. Siku mbili kwa wiki hataandika chochote, atasikiliza tu, na filamu hataisema kabla hajaimaliza. Wazazi, nyinyi nawaomba swali moja tu jioni: leo umetazama nini? Uliza, halafu mwache aongee mpaka mwisho kabla hujataja moto wa milele.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, tutatazama Supa Modo ukumbini, tukipata ruhusa ya wenye filamu. Mama wa Goma atapika. Kijana ataongoza mazungumzo na mimi nitakaa safu ya nyuma. Mzee amesema atakuja, na skrinshoti zake zote kumi na moja.