Wageni wa Barazani



Ndugu msomaji, katika mtaa wetu yuko mzee alalaye kwenye baraza ya msikiti. Baada ya Isha husubiri watu watawanyike, kisha hutandika mkeka wake. Kabla ya adhana ya Alfajiri huwa ameshaukunja, asije akamzuilia mtu njia. Mchana kutwa hawi mbali na mzigo wake mdogo, kwani akiuacha hana wa kumwangalizia. Na kila apitaye humwuliza ni saa ngapi, ilhali saa ya ukutani aiona kutoka pale alipoketi.

Juma lililopita kamati ilijadili kuitia baraza hiyo mlango wa chuma, nami nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono kukubali. Hoja yetu ilikuwa usafi. Nilipomhadithia mke wangu, aliniuliza neno moja tu: mzee tumempangia alale wapi? Sikuwa na jawabu.

Usiku ule niliwakumbuka Ahlu-Suffa. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina palikuwa na sehemu iliyoezekwa kwa makuti ya mtende, ikiitwa Suffa. Hapo ndipo walipokaa Waislamu maskini wasiokuwa na nyumba, mali wala jamaa wa kuwapokea. Abu Huraira (R.A.), aliyefika Madina mwaka wa 7 wa Hijria, alikuwa mmoja wao. Asimulia kwamba aliwaona watu 70 miongoni mwao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguo mbili. Wengine nguo iliishia katikati ya muundi, wakaishika kwa mkono wasije wakaonekana uchi.

Asimulia pia habari ya njaa. Siku moja alijifunga jiwe tumboni, akaketi njiani. Alipopita Abu Bakr (R.A.), alimwuliza juu ya aya ya Qur'ani, si kwa kutaka kujua bali kwa kutumai atakaribishwa chakula. Abu Bakr akapita. Akaja Umar (R.A.), naye akamwuliza vivyo hivyo, naye akapita. Kisha akaja Mtume (S.A.W.), akamtazama usoni, akatabasamu, akajua. Alipofika nyumbani akakuta bakuli la maziwa aliyotunukiwa, akamwagiza awaite Ahlu-Suffa wote. Abu Huraira aliingiwa na huzuni: yatabaki nini? Lakini alitii, akawanywesha mmoja mmoja hadi wakatosheka, kisha akanywa yeye mpaka akakosa nafasi tumboni. Mtume (S.A.W.) alikunywa wa mwisho.

Hata bibi Fatima (R.A.), mikono yake ilipochubuka kwa kusaga, akaenda kwa babake kuomba mtumishi, hakupewa. Aliambiwa hawezi kupewa yeye hali Ahlu-Suffa matumbo yao yamejikunja kwa njaa. Na miongoni mwa Ansari walikuwako waliosoma Qur'ani usiku, na mchana wakateka maji na kukata kuni, wakaziuza ili wawanunulie chakula watu wale.

Tuzingatie, ndugu zangu. Suffa haikujengwa nje ya mji, mahali ambapo macho hayafiki. Ilikuwa ndani ya msikiti wenyewe, na waliolala humo waliitwa wageni wa Uislamu. Yule aliyejifunga jiwe tumboni ndiye aliyekuja kutufikishia hadithi nyingi kuliko Sahaba yeyote, na zama za Umar akawa liwali wa Bahrain. Laiti angefungiwa mlango, tungalikosa mangapi?

Sasa nafahamu kwa nini mzee wetu huuliza saa. Mwenye haya hatamki njaa yake; huuliza jambo jingine, akatumai utasimama. Mimi nimempita sala tano kwa siku, nikamjibu saa bila kumtazama usoni, na hata jina lake silijui.

Usafi ni jambo jema, nao una dawa nyingine. Nyuma ya msikiti kipo chumba tunachohifadhia mikeka mikuukuu. Kikifagiliwa, kikatiwa kitanda na taa, kitamsitiri mtu. Kamati itakapokutana tena nitauomba radhi mkutano na kuurejesha mkono wangu. Lakini kabla ya hapo, leo baada ya Alasiri, nitaketi barazani nimwulize mzee jina lake, na kama amekula.

Wabillahi tawfiq.