Mama Anapoitwa Kuongoza



Jumatano moja baada ya maombi, mwenzetu alibaki nyuma, mtoto mgongoni. Yeye hutengeneza programu za kompyuta katika kampuni moja ya teknolojia, naye alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kuwa meneja wa wenzake tisa. Alitaka kukataa. Alisema wapo vijana wanaomzidi ujuzi, tena mtoto alikuwa bado ananyonya.

Tunakiri kwamba jibu letu la kwanza halikuwa zuri. Tulimwambia, "Lea kwanza, mama; nafasi nyingine zitakuja." Tulipofika nyumbani tukakosa amani. Sisi wenyewe tulipokabidhiwa usimamizi wa wodi tulikuwa na mtoto mchanga, wala hatukuwa hodari kuliko wauguzi wote. Hakuna aliyetuambia tungoje.

Basi tukatafuta habari. Mwaka 2002 kampuni ya Google ya Marekani ilijaribu kuondoa mameneja wa wahandisi. Jaribio lilidumu miezi michache tu, maana watu walimwendea mwanzilishi mwenyewe, Larry Page, kwa masuala ya marejesho ya fedha na ugomvi wa kazini. Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyo ilichunguza sifa za meneja mzuri ikapata nane. Ya kwanza ni kuwafundisha na kuwakuza walio chini yake. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa mwisho katika orodha. Je, si hayo Yethro aliyomwonyesha Musa katika Kutoka 18, kwamba kiongozi asifanye yote peke yake?

Tulimrudia dada yetu, tukamwomba radhi, tukamsaidia kujiandaa hivi:

Kwanza, aandike matukio ya kweli: siku alipopatanisha wawili waliogombana, alipomfundisha mgeni wa kazi, alipokosea na jinsi alivyorekebisha. Wasaili wa kampuni hizi hupenda kuuliza, "Tueleze wakati ambapo…" Maneno ya jumla hayawatoshi.

Pili, aseme alichofanya yeye. Sisi wanawake tumezoea kusema "tulifanya" hata pale tulipokesha peke yetu. Kusema ukweli wa kazi yako si majivuno.

Tatu, naye aulize. Je, simu za usiku ni ngapi kwa wiki? Nani hushika zamu mtu akiuguliwa? Na ajue haki yake: hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi.

Tulimsimulia pia habari za Susan Wojcicki, aliyejiunga na Google mwaka 1999 akiwa mjamzito. Alilea watoto watano, na kuanzia 2014 hadi 2023 aliongoza YouTube. Alifariki mwaka 2024. Mama huyo alieleza kwamba Google ilipoongeza likizo ya uzazi yenye malipo kutoka wiki 12 hadi 18 mwaka 2007, idadi ya akina mama walioacha kazi baada ya kujifungua ilipungua kwa nusu. Kumbe mara nyingi si mtoto anayemwondoa mama kazini, ni utaratibu wa kazi.

Dada yetu alikwenda. Kabla ya kwenda alikaa na mumewe, wakakubaliana nani atamwogesha mtoto na nani atapika siku za zamu. Nafasi aliipata. Sasa Jumatano nyingine haonekani kwenye maombi, na wapo kati yetu walioanza kunong'ona.

Akina mama, tusinong'one. Tumpelekee uji, tumshikie mtoto, tumwombee. Kesho ataitwa binti yako.

Mungu awabariki. Tukutane mwezi ujao.