Mjomba, Tulifunge Hilo Bwawa

Leo naandika jambo ambalo najua litawaudhi watu wa upande wa mama yangu, hasa mjomba, ambaye huwa anapita hapa kusoma kimya kimya. Shikamoo mjomba, karibu. Hoja yangu ni fupi: lile bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yako ya Mbezi Beach lifungwe. Au litengenezwe kweli kweli, lote, kwa mara moja. Lakini hii hali ya nusu hai nusu mfu, tunalitibu kwa dawa ya rejareja kila mwisho wa mwezi kama mgonjwa aliyekataliwa na ndugu, imetosha.

Kwa wasomaji msiojua habari hii, niwape picha. Nyumba ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo mtu mwenye swimingi puli nyumbani alikuwa anajulikana mpaka Mwenge. Mjomba aliinunua mwaka 2009, bwawa likiwa ndani ya bei. "Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba), "sasa watoto wa ukoo huu hawatahangaika tena na viingilio vya hoteli." Bwawa lina urefu wa mita 10, upana mita 5, na kina kinaanza mita 1 kinaishia mita 2. Piga hesabu, ni lita 75,000 za maji. Mimi naishi kwenye vyumba vya uani tangu 2019, hatua kama ishirini kutoka ukingoni, kwa hiyo nikisema nalijua hilo bwawa, nalijua.

Kitu ambacho hakuna dalali atakayekuambia ni kwamba bwawa halinunuliwi mara moja. Unalinunua upya kila mwezi. Pampu ya nguvu ya farasi 1 ikizunguka saa 8 kwa siku inakula kama uniti 8. Kwa mwezi ni uniti 240, na kwa bei ya Luku hiyo ni zaidi ya shilingi 80,000 kabla hujamlipa mtu wala kununua dawa. Hapo bado hujaogelea. Na bwawa likizeeka, kila kitu kinaharibika kwa zamu: leo sili ya pampu inavuja, mwezi ujao beringi zinapiga kelele usiku kucha, ukishabadilisha beringi unaambiwa mchanga wa kwenye filta umekwisha kazi, ule wa zamani umejaa mafuta ya ngozi za watu na umeshikana kama sabuni. Maji ya kisima cha huku kwetu yana chumvi, nayo chumvi haina huruma na chuma. Ngazi ya kushukia majini imebadilishwa mara mbili tangu nimehamia.

Tuje kwenye uvujaji, maana hapa ndipo roho inaponiuma.

Fundi mmoja mzee alituonyesha kipimo rahisi kabisa, na mwenye bwawa yeyote anaweza kukifanya. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya bwawa iwe imezama nusu, kisha weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na alama nyingine kwenye ukuta wa bwawa. Zima pampu. Subiri saa 24. Jua linakausha maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo bwawa likishuka kuliko ndoo, tofauti hiyo imepotelea ardhini. Yetu ilikuwaje? Ndoo ilishuka nusu sentimita. Bwawa lilishuka sentimita moja na nusu.

Sentimita moja! Utasema ni nini hicho? Juu ya eneo la mita za mraba 50, sentimita moja ni lita 500. Ndoo kubwa 25. Kila siku. Kwa mwezi ni lita 15,000, yaani boza la lita 10,000 na nusu yake linaingia kwenye udongo bila mtu kunawa hata uso. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya msingi. Ina maana ufa wetu unakunywa maji ya watu watano mpaka kumi. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, watu wa nyuma ya nyumba yetu walikuwa wanapanga foleni na madumu tangu alfajiri, huku sisi tunaagiza boza lijaze bwawa ili pampu isivute hewa. Geti linafunguliwa, boza linaingia, wenye madumu wanaangalia. Hakuna aliyesema kitu. Mimi ningependa wangesema.

Mjomba anasema ufa utazibwa. Sawa. Umezibwa mara tatu. Bwawa la zege la miaka zaidi ya thelathini halina ufa mmoja. Lina mpasuko kwenye sakafu, lina mabomba ya chini yaliyochoka, lina marumaru zilizobanduka ambazo nyuma yake maji yanapita taratibu. Ukitaka kuziba yote lazima ulikaushe, na kulikausha nako kuna hatari yake. Sehemu hizi za karibu na bahari, maji ya ardhini hayako mbali, hasa wakati wa masika. Bwawa likiwa tupu ni kama mtumbwi wa zege: maji ya chini yanalisukuma juu, na linaweza kupasuka au kuinuka kutoka kwenye shimo lake. Sio hadithi, mafundi wa mabwawa wanalijua hilo, na ndiyo maana mabwawa yaliyojengwa vizuri huwekwa vali chini ya kupunguza msukumo huo. Yetu haina, au ilikuwepo ikasakafiwa na aliyetangulia.

Halafu kuna dawa. Watu wengi wanafikiri unamwaga klorini, maji yanakuwa ya bluu, mambo yamekwisha. Ingekuwa hivyo tungekuwa mbali. Klorini inafanya kazi vizuri pale kipimo cha pH cha maji kikiwa kati ya 7.2 na 7.8. Kikipita 8, sehemu kubwa ya klorini iko ndani ya maji lakini imelala. Na ile klorini ya unga tunayouziwa yenyewe inapandisha pH! Kwa hiyo unamwaga, maji yanabaki kijani, unaongeza, pH inapanda, yanabaki kijani, unarudi dukani. Ukihamia kwenye vile vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole, navyo vinaacha kemikali ya kuikinga klorini na jua, ambayo haitoki. Inajilimbikiza mwaka baada ya mwaka mpaka klorini inakuwa mvivu, na dawa yake ni moja tu: kumwaga sehemu kubwa ya maji na kuweka mengine. Boza tena.

Na nani anayefanya haya yote? Sio mjomba, sio mimi. Ni kijana mmoja anayekuja na baiskeli Jumanne na Ijumaa. Anachota ule unga kwa kopo la maziwa, mikono mitupu, kipande cha khanga puani, anakohoa, anaendelea. Kwenye kibanda cha pampu nimekuta kopo la klorini ya unga limewekwa juu ya ndoo ya vidonge, na pembeni yake dumu la asidi. Ndugu zangu, aina hizo mbili za klorini zikichanganyika zinaweza kulipuka au kuwaka moto, na klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu. Nilivitenganisha siku hiyohiyo nikanunua glavu na barakoa. Kijana alinishukuru, akaniambia kwenye nyumba nyingine nne anazohudumia mambo ni hayohayo. Tunalipa watu kidogo watunzie starehe zetu kwa mapafu yao, halafu tunasema bwawa ni gharama.

Sasa mtaniuliza, kama ni shida hivyo si mliache tu? Hapo ndipo wenye nyumba wengi walipofikia. Tembea mitaa ya zamani ya Msasani au Mikocheni, chungulia nyuma ya mageti, utaona mabwawa mangapi yamegeuka supu ya mchicha. Bwawa lililoachwa ni la mtaa mzima, kwa sababu mbu hawana hati ya kiwanja. Kwa joto letu la pwani, yai la mbu linakuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Huko Marekani walilijua hili kwa njia ngumu. Mwaka 2007, mikopo ya nyumba ilipoanza kuwashinda watu katika mji wa Bakersfield, California, nyumba zilitelekezwa na mabwawa yakageuka kijani. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 walihusisha mabwawa hayo na ongezeko la asilimia 276 la wagonjwa wa virusi vya West Nile katika eneo hilo kiangazi kile. Hiyo ni nchi yenye magari ya kupulizia dawa. Sisi tuna malaria ya kudumu, na dengue ilitutesa hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019. Najua mbu wa dengue anapenda zaidi vyombo vidogo, ndoo na matairi. Basi nendeni mkaangalie lile turubai tulilofunika bwawa, mvua ikinyesha linashika vidimbwi kila kona. Tumemjengea.

Lakini yote hayo ningeweza kuyavumilia. Kilichonifanya niandike ni Desemba iliyopita, ukoo mzima umekusanyika, turubai limekunjwa pembeni kwa sababu ya picha, watu wazima wako barazani na nyama choma. Mtoto wa binamu yangu, miaka mitatu, alikutwa na shangazi amesimama kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, maji yamefika magotini, ndala mkononi. Shangazi alimnyanyua, akamfuta miguu, akarudi naye barazani, mazungumzo yakaendelea. Mimi chakula kilinishinda. Maji yalikuwa kijani siku ile, usingeona sakafu hata kwenye kina cha mita moja. Mtoto akizama kwenye maji ya namna ile huoni kitu. Unaruka na kupapasa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ufaransa walitunga sheria mwaka 2003 kwamba bwawa la nyumbani lazima liwe na kinga, iwe uzio, king'ora, kifuniko maalumu au banda, na wenye mabwawa ya zamani nao wakapewa mpaka Januari 2006 wawe wametimiza. Sisi kinga yetu ni shangazi.

Mjomba ana hoja zake na nisiwe mchoyo nisiziseme. Anasema watoto wa Dar wanakulia kando ya bahari hawajui kuogelea, na kwamba binamu zangu wanne wamejifunza kwenye bwawa lile. Ni kweli tupu, na mimi ni wa tano. Anasema nyumba yenye bwawa ina bei. Hapo ninabisha: mnunuzi mwenye akili akiona ule ufa ataanza kukata, sio kuongeza. Nadhani hoja yake ya tatu, ambayo haisemi, ndiyo nzito. Bwawa lile ni ushahidi kwamba alifika. Kulifukia ni kama kutangaza mtaani kwamba amefilisika. Namwelewa. Ila mtaa unanunua maji kwa dumu, unadhani unaliangalia bwawa lako na kusema nini?

Kufukia nako kuna utaratibu wake, msije mkaleta tu lori la kifusi. Sakafu inatobolewa kwanza, vinginevyo unabaki na bakuli la zege chini ya bustani, masika yakija udongo unageuka tope na unatitia. Kisha unashindilia tabaka kwa tabaka. Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: kuziba nyufa vizuri wakati wa kiangazi, kulijengea slabu juu, kuliacha na mfuniko mmoja wa kufungwa kwa kufuli, na kulifanya tangi la maji ya mvua kutoka kwenye paa. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 100, hizo ni karibu lita 20,000, za bure, za kufulia, kumwagilia na kusafishia vyoo. Bomba moja likatolewa nje ya ukuta. Wenye madumu wakichota siku za mgao, heshima ya mjomba itakuwa kubwa kuliko ile ya 2009.

Kinachonisumbua ni slabu. Upana wa mita 5 bila nguzo katikati, fundi wa kwanza anasema inawezekana kwa nondo za kutosha, wa pili anasema lazima nguzo mbili zisimame ndani ya bwawa, na bei zao zimepishana kama mbingu na ardhi. Kama kuna msomaji aliyewahi kugeuza bwawa kuwa tangi, hasa huku ukanda wa pwani, aniandikie: alitumia nguzo au hakutumia, na alipaka nini ndani ili chumvi isile nondo?