Mashine ya Kuinulia Gari: Tazameni Sakafu Kwanza



Hapa Luzira gereji nyingi ziko uani kwa mtu. Sasa wenye gereji wanataka mashine ya kuinulia gari, ile ya nguzo mbili, na wanauliza bei tu. Sisi tunaoingia chini ya gari tunauliza sakafu. Nguzo zile hushikwa na boliti zilizofungwa katika zege. Zege likiwa jembamba, juu ya udongo laini wa bondeni kuelekea ziwani, boliti zitang'oka, na Hiace ya abiria hukaribia tani 2. Unene wa zege umeandikwa katika kitabu cha mashine. Si wa kukadiriwa na mwashi.

Tazameni pia vizuizi vya chuma vinavyoshika gari juu mafuta ya mashine yakivuja.

Asiye na fedha za sakafu asinunue mashine. Anunue stendi nne za chuma, jeki iwe ya kuinulia tu. Matofali, hapana kabisa! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na ua unaotengenezwa magari kwa fedha ni mahali pa kazi.

Mashine ikifika, ombeni kitabu chake kabla hamjaingia chini.