Breki Mbili, Wala Si Moja

Ndugu msomaji, itazame baiskeli iliyoegemezwa ukutani nyumbani kwako. Huku Bariadi, Maswa na Itilima pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini dumu la maji, gunia la mahindi, na mama ampelekaye mtoto zahanati bado hukaa juu ya keria. Mzigo na mwendeshaji kwa pamoja waweza kupita kilo 150, na uzito wote huo husimamishwa na vipande vinne vya raba vyenye ukubwa wa kidole tu.

Baiskeli yetu ya kawaida, ile ya gurudumu la inchi 28, ina breki za vyuma. Ukibana mkono wa breki, vijiti huzivuta raba juu zikaukamata upande wa ndani wa rimu. Raba zikiisha, chuma hukwaruza chuma, sauti ambayo wengi wetu tumeizoea. Nunua raba mpya, jozi kwa jozi. Lakini kwanza fundi anyooshe gurudumu kwa kukaza na kulegeza spoki, kwa maana rimu iyumbayo huzila raba upande mmoja. Kisha vijiti virekebishwe, raba zikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu. Mafuta yasifike hapo kamwe. (Vijana wetu hupenda kuing'arisha baiskeli nzima kwa mafuta siku ya Jumapili!)

Wako wanaoing'oa breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka. Sikubaliani nao. Mwendo upunguapo, uzito husogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo huikamata ardhi zaidi. La nyuma peke yake huburura tu. Zibane zote mbili, taratibu. Wakati wa mvua rimu ya chuma hulowa na raba huteleza, kwa hiyo bana kidogo kabla ya kuufikia mteremko ili maji yafutike.

Na tairi je? John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kwetu, tairi jipya hutiwa nyuma penye mzigo, na lile lililokwisha hadi nyuzi huhamishiwa mbele. Hilo ni kosa. La nyuma likipasuka, baiskeli hukokota; la mbele likipasuka, usukani hukuponyoka. Tairi kuukuu lina kazi nyingine: kule Goma hukatwa vipande na kuvishwa magurudumu ya mbao ya chukudu. Wewe kata utepe wake, uulaze kati ya tairi na tyubu, nayo miiba ya migunga itachelewa kupenya.

Kabla mama hajapanda na mtoto, pakia dumu lililojaa, isukume baiskeli kwenye mteremko mfupi, kisha ubane. Ikiendelea kwenda, mtoto asipakiwe siku hiyo. Fundi yupo sokoni, chini ya mti wake.